Kinyaa cha Mbeyu

Kila asubuhi, kabla jua halijawa kali, Mbeyu alijitwika debe tupu akashuka bwawani, na kila asubuhi alirudi amekunja uso. Bwawa hilo lilikuwa nyuma ya Msambweni, na kijiji kizima kililitegemea. Upande mmoja ng'ombe walikunywa na kuacha mavi humo humo. Upande wa pili akina mama walifua nepi. Katikati, wavulana waliogelea uchi, akiwemo mdogo wake Tsuma wa darasa la tano. Mbeyu aliyachuja maji kwa kipande cha kanga, akautazama ute uliobaki kwenye kitambaa, kisha akatema mate.

"Iko siku utatema na ulimi," mama yake, Dama, alimwambia akimtua debe. "Maji ndiyo hayo. Bibi yako aliyanywa, nami nimeyanywa."

"Na sote tunaharisha, mama."

"Washa moto, mwanangu. Maneno hayapiki sima."

Mwaka huo Mbeyu alikuwa amemaliza kidato cha nne, msichana wa kwanza kijijini kufika huko. Uhuru ulikuwa bado mchanga. Ofisi na hospitali zilitafuta vijana waliosoma, na kila jirani alikuwa na ushauri wake. Lakini katika ukoo huo wa Wadigo, neno la mwisho lilikuwa la mjomba. Mjomba Alfani, kaka yake Dama, ndiye aliyesimamia minazi ya ukoo, na minazi hiyo ndiyo ingemsomesha Mbeyu.

Alfani alikuja Ijumaa baada ya sala, akaketi barazani.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Mimi nimekwisha amua. Utakwenda Mombasa kujifunza kupiga taipu. Kazi safi, unaketi kitini, kucha hazichafuki."

"Mimi nataka uuguzi, mjomba."

"Kwa nini?"

Mbeyu alibabaika. Ukweli ni kwamba aliwaona wauguzi kwenye sherehe za Jamhuri, sare zao nyeupe zimepigwa pasi zikasimama kama karatasi, naye akatamani kuwa safi namna ile.

"Ni kazi ya heshima," alisema.

Alfani alicheka. "Wewe unayekimbia utumbo wa samaki? Sikiliza. Ukoo utakusomesha chuo kimoja tu. Ukishindwa ukarudi, usinijie tena. Wadogo zako nao wanangoja."

Dama hakupenda mabishano marefu. "Zahanati iko pale," alisema. "Aende akamsaidie Sista Rispah mpaka matokeo ya mtihani yatoke. Akiweza, uuguzi. Asipoweza, taipu. Jambo jepesi."

Halikuwa jepesi. Sista Rispah, muuguzi wa zahanati, alikuwa mwanamke wa bara asiyepoteza maneno. Alimpa Mbeyu bakuli la kushika, akafungua bendeji mguuni mwa mzee mmoja. Kidonda kilikuwa kimeoza. Usaha ulichuruzika na uvundo ukajaa chumbani. Mbeyu aliangusha bakuli, akakimbilia nje, akatapika juu ya maua ya zahanati.

"Binti," mzee aliita kutoka ndani, "mguu ni wangu, mbona mgonjwa ni wewe?"

Watu kwenye foleni walicheka. Kesho yake ikawa vivyo hivyo, na siku zilizofuata pia. Lakini kilichomuumiza Mbeyu si kicheko. Aligundua kwamba yule mzee sasa aliufunika mguu wake kwa shuka kila alipomwona anakuja. Uso wa Mbeyu uliojikunja ulikuwa unamwaibisha mgonjwa.

Rispah naye aliliona. Akamhamishia meza ya nje, kupokea chupa za mkojo. Nyingi zilikuwa za wavulana, na mkojo wao ulikuwa mwekundu kama maji yaliyooshewa nyama.

"Nini hiki, Sista?"

"Kichocho. Mayai ya mdudu hutoka na mkojo yakaingia majini. Mdudu hukua ndani ya konokono, kisha humpenya mtu ngozini akiwa majini. Mimi nawatibu, wao wanarudi kuoga kule kule, halafu wanarudi kwangu."

Mbeyu aliikodolea macho ile chupa. Safari hii hakutapika. Alikasirika.

Alasiri hiyo, akipita bwawani, aliwakuta wavulana wamemzunguka Tsuma, wanampa mkono mmoja mmoja.

"Tsuma amekuwa mwanamume," mmoja alimweleza Mbeyu. "Leo amekojoa damu."

Hapo kijijini wavulana waliamini kwamba damu hiyo ni dalili ya kubaleghe. Baba zao waliamini hivyo pia, maana nao waliikojoa wakiwa wadogo. Mbeyu aliingia katikati yao.

"Mwanamume gani? Kibofu kinaoza, mnapeana mikono. Mnakojoa humu, mnapiga mbizi humu, kisha mimi nabeba debe nikapike. Kijiji kizima tunakunywa mikojo yenu."

"Chunga ulimi wako," sauti ilisema nyuma yake. Alikuwa mjomba Alfani, amechuchumaa ukingoni, anatawadha.

"Nisamehe, mjomba. Lakini mkojo ni najisi, wewe ndiye uliyenifundisha. Hayo unayosukutua ni nini?"

Alfani aliyatema. Akaitazama mikono yake iliyolowa, akaikung'uta, akaondoka.

Kesho yake alimpeleka Tsuma zahanati mwenyewe, akinuia kumwonyesha Mbeyu kwamba amekosa. Rispah alimwonyesha chupa na kumweleza yote. Tsuma alipewa dawa, na Alfani akarudi akijua kwamba aliyekosa ni yeye. Ijumaa iliyofuata aliwatoa wanaume wakachimbe vyoo na kisima. Walipoanza kuchimba karibu na njia ya ng'ombe, Mbeyu aliwazuia.

"Mavi yataingia. Sogeeni juu."

"Huyu mtoto ana pua," walinung'unika, lakini walisogea.

Matokeo yalipotoka, Mbeyu alikuwa amefaulu. Alfani akaita kikao barazani, na Sista Rispah akaalikwa.

"Uuguzi umenishinda," Mbeyu alisema, macho chini. "Nipelekeni taipu."

"Taipu ya nini?" Rispah aliuliza. "Muuguzi huona kinyaa kama wewe, lakini hukimeza, kwa sababu mgonjwa anamtazama usoni. Wewe hukimezi. Kinyaa chako kinakupeleka kwenye chanzo cha uchafu. Kuna chuo cha kazi hiyo, wanakosomea mabwana afya, wale wakaguzi wa maji na vyoo."

"Mwanamke awe bwana afya?" Alfani aliuliza.

"Kwani choo kitauliza kimekaguliwa na nani?" Dama alidakia. "Mwanangu, nisikilize. Wewe ulichagua sare, mjomba wako akachagua kiti. Sote tulikosea, mimi pia niliyesema jambo jepesi. Chuo si nguo ya kujaribisha. Tazama kwanza kazi yenyewe ukiwa karibu nayo, harufu yake na uchafu wake, ndipo ujue kama unaiweza."

Alfani alijikuna kidevu. "Basi minazi itampeleka huko. Na akirudi, choo changu kiwe cha mwisho kukaguliwa."

"Kitakuwa cha kwanza, mjomba," Mbeyu alisema.

Tsuma alileta kopo la maji. Mbeyu alichungulia ndani kwa mazoea, akalinusa.

"Ni ya kisimani, na yamechemshwa," mama yake alisema. "Kunywa."

Mbeyu alichungulia tena, ndipo akanywa.