Lori la Mananasi Yaliyochacha

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, dereva alifungua kufuli la lori lake mbele ya ghala la chakula la taifa, na wapakuaji wote wakarudi nyuma wameziba pua. Mananasi yalikuwa yameoza. Si moja wala kumi, lori zima! Maji yake ya kunata yalichuruzika hadi kwenye magurudumu, na nzi walishafika kabla ya polisi.

Polisi aliyekuja alikuwa Inspekta mmoja mwanamke ambaye wenzake walimwita Kobe, maana hakuwahi kukimbilia kitu, hata simu ikilia. Jina hilo halikumuudhi. Wenye mbio kituoni walikuwa wengi, na kesi zao zilikuwa zimelala kabatini.

"Haya si mananasi ya humu nchini," alisema meneja wa ghala. Alikuwa amekasirika mpaka miwani inamteleza. "Ni ya kutoka nje, yale ya ganda jekundu. Wakulima wameyaondoa majani ya kichwani ili yafanane na yao, ambayo huja bila majani. Miaka mitano wanatuambia mavuno yanapanda, mwaka huu tukawaamini, tukafunga mpaka kwa mananasi ya nje. Shule na hospitali zote zinawategemea wao. Kumbe wanajaziliza kwa masazo ya watu! Saa nne napiga simu wizarani. Mpaka ufunguliwe, na ushirika wao uondolewe kwenye zabuni."

"Saa nne bado," alijibu Kobe. Aliokota nanasi moja, akapitisha kidole juu yake, pale yalipotolewa majani. Palikuwa bapa kama meza. Akalirudisha.

Wa kwanza kuhojiwa alikuwa mwenyekiti wa ushirika wa wakulima, mjane mwenye mabega mapana na viganja vilivyojaa makovu ya miiba. Aliingia ofisini hajainamisha kichwa hata kidogo.

"Mama, lori lilipakiwa wapi?"

"Kwangu, jana jioni, mikono yangu ikiwemo. Mananasi mazuri, Inspekta, ukilipiga kofi linaitika. Nikafunga kufuli, ufunguo nikamkabidhi dereva."

"Dereva ni nani kwako?"

"Shemeji yangu, mdogo wake marehemu mume wangu. Alikulia mjini kwenye malori, shamba halijui. Lakini ni mtu wetu."

"Na kama mavuno yalipungua mkaona aibu kusema?"

Mwenyekiti alicheka kwa hasira. "Yapungue? Njoo shambani uone! Tulianza akina mama wachache, watu wakitucheka kuwa tunapanda miiba. Leo mgonjwa akipewa kipande cha nanasi hospitalini, ni jasho letu. Mimi nichukue uozo niuite wangu? Heri nikose chakula."

Kobe alijikuta amekaa wima zaidi kwenye kiti. Mama yake mzazi naye alikuwa mkulima, na kiburi cha namna hii alikijua, tena alikipenda. Lakini kiburi si ushahidi, akaita wa pili.

Huyo alikuwa mwagizaji wa mananasi kutoka nje, mzee wa suti iliyopauka. Zamani mananasi yote ya nchi yalipitia mikononi mwake. Kila mwaka wakulima walipoongeza, yeye alipunguza, hadi mzigo wake wa mwisho ukazuiwa mpakani.

"Mzigo huo uko wapi?" aliuliza Kobe.

"Biashara yangu haikuhusu."

"Mzee, una kila sababu ya kuwaharibia hawa."

"Sababu ninayo. Haya ninayo pia." Akanyanyuka, akatoka.

Shemeji aliingia wa mwisho, mpole, akifuta jasho kwa leso.

"Mimi nabeba tu, Inspekta. Nilichopewa ndicho nilicholeta. Inaniuma kusema, shemeji yangu yule, lakini huenda walizidiwa."

"Njiani ulisimama?"

"Wapi! Moja kwa moja."

Zilibaki dakika ishirini kufika saa nne. Kobe aliwakusanya wote ofisini kwa meneja, kisha akaweka mezani mananasi mawili mazima yenye majani yake, kisu kando.

"Dereva, hebu niondolee majani ya kichwani kwenye hili."

Shemeji alishangaa, lakini akashika kisu, akakata. Fyaa! Juu pakabaki bapa.

"Mwenyekiti, na wewe."

Mwenyekiti hakukitazama kisu. Alishika majani kwa kiganja, akakaza, akasokota. Yakang'oka na kitako chake, yakaacha kishimo kidogo juu ya tunda.

"Kwa nini hukukata?" aliuliza Kobe.

"Nikate mche? Haya narudi kuyapanda. Kila mkulima wetu anasokota. Mashamba yetu yameongezeka hivyo hivyo."

Kobe alimgeukia meneja. "Nenda kayatazame yale yaliyooza. Yote yamekatwa kwa kisu. Kama wakulima ndio walioficha asili yake, wangesokota, mikono yao haijui njia nyingine. Wewe hukuyagusa, kufuli lilifunguliwa mbele ya watu. Ufunguo usiku kucha ulikuwa na mtu mmoja."

Mwagizaji alisimama ghafla. "Mzigo wangu uliozea mpakani. Nilimpa mtu akautupe, nikaona aibu kusema nimefikia hapo. Nilimpa huyu!"

Leso ya Shemeji ilianguka. "Malori yangu manne yamelala uani," alisema kwa sauti ya kukwaruza. "Yalikuwa yanakwenda mpakani kila siku kuchukua mananasi ya nje! Mavuno yenu yakipanda, mimi naegesha moja. Yakipanda tena, naegesha jingine. Nilitaka mpaka ufunguliwe, basi. Mananasi yenu mazima yako kwangu, chini ya turubai. Sikuyaharibu."

Askari wawili walitumwa, na simu yao haikuchelewa: mzigo upo, mzima, unanukia. Meneja alivua miwani, akaomba radhi mara mbili.

"Mwenyekiti," alisema, "wizarani naweza kusema ni hitilafu ya usafiri. Mambo ya familia yabaki ndani."

"Shemeji, tafadhali," Shemeji alimshika mkono. "Mimi ni baba mdogo wa wanao."

Macho ya mwenyekiti yalijaa machozi, hakuyaficha. Aliutoa mkono wake taratibu.

"Ukisema usafiri, kesho watanong'ona kwamba tulidanganya. Piga simu, meneja. Sema nchi hii inajilisha mananasi yake yenyewe. Na sema aliyetaka kutuchafua katoka nyumbani kwangu, umtaje. Wanangu nitawaeleza mwenyewe."

Meneja akanyanyua simu. Kobe alisimama, na kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe, akampigia saluti mtu asiyevaa sare.