Mama Mifuko Akodi Gari Jipya

Kabla ya nguo yoyote ya wateja wake kuingia kwenye maji, Mama Mifuko huigeuza mifuko nje. Mfuko wa suruali, mfuko wa koti, hata kile kifuko kidogo cha shati ambacho mwenyewe ameshakisahau. Mle ndani amewahi kukuta funguo, meno ya bandia, na barua ya mapenzi ambayo mke wa mwenye suruali hakuiandika. Lakini hasa anatafuta kalamu. Kalamu moja ikipita, shuka zote za hospitali zinatoka na madoa ya wino.

Ndivyo alivyopata jina lake. Na tabia hiyo haikuishia kwenye nguo. Ukimwambia "umependeza leo," anakutazama usoni kwanza aone unataka kukopa nini. Mumewe, mtu mpole aliyepiga pasi kutwa nzima bila kulalamika, alimtania kwamba hata jua likichomoza yeye huuliza limetumwa na nani.

Chumba chao cha kufulia kilikuwa na mashine moja tu. Ilikuwa kuukuu, na ilitetemeka mpaka ikahama mahali pake. Kwa miaka mingi mke na mume walikuwa wakiweka akiba ili wanunue ya pili. Mama Mifuko aliilinda akiba hiyo kama mboni ya jicho. Hata mumewe alipougua meno, alimuuliza kwanza kama haiwezekani kutafuna upande wa pili.

Shida yao ilikuwa usafiri. Hospitali na nyumba mbili za wageni, wateja wao wakubwa, zilikuwa upande wa pili wa mji. Walimlipa mtu mwenye gari awachukulie shuka. Leo anakuja, kesho simu yake haipokelewi. Mwishowe msimamizi wa hospitali akachoka.

"Mama, shuka zikichelewa tena, kazi nampa mwingine," alisema. "Wagonjwa hawawezi kulala juu ya ahadi."

Jioni hiyo mume aliweka pasi chini.

"Tukodi gari," alisema. "Kuna kampuni barabara kuu inakodisha magari mapya. Unalipa kila mwezi, unalitumia miaka mitatu, kisha unalirudisha."

"Gari jipya, wampe mtu lisiwe lake?" Mama Mifuko alikunja uso. "Hapo pana kitu."

"Pana gari, mke wangu."

"Pana kitu," alirudia.

*

Ofisi ya kampuni ilikuwa ya vioo vitupu, na sakafu yake iling'aa mpaka ukaogopa kuikanyaga. Muuzaji aliwapokea akicheka. Aliwakaribisha akicheka, akavuta viti akicheka. Mama Mifuko alimbatiza palepale, moyoni mwake: Bwana Meno.

"Karibuni soda," alisema Bwana Meno.

"Ahsante, sina kiu," alijibu Mama Mifuko, ingawa koo lilikuwa limemkauka. Soda ya bure hakuiamini. Alijua lazima ingejitokeza mahali fulani kwenye hesabu.

Mumewe alikunywa yake yote.

Wakaonyeshwa gari dogo la mizigo, jeupe, lenye milango miwili ya nyuma. Mama Mifuko alilizunguka. Alifungua na kufunga kila mlango. Alinusa viti. Alipiga magoti kwa gauni lake zuri akachungulia uvunguni. Bwana Meno hakukasirika hata kidogo. Alimletea tochi!

Jambo hilo lilimtia shaka zaidi. Mwizi gani anakushikia taa? Lakini alitafuta kasoro asiione. Gari lilikuwa zima, jipya, halina hata vumbi.

Wakakaa mezani. Bwana Meno akauliza, "Mama, ungependa kulipa kiasi gani kwa mwezi?"

Mama Mifuko akataja kiasi kidogo sana, cha kuchokoza. Bwana Meno akashika kichwa. Wakavutana. Akabonyeza kompyuta yake, akanong'ona na mkubwa wake mlangoni, akarudi.

"Kwa sababu ni wewe, mama, kodi ya mwezi nimeipunguza kwa robo. Lakini bei hii mwisho wake leo jioni. Weka sahihi hapa, na hapa, na hapa."

Mume alitabasamu. Robo nzima! Mama Mifuko naye alijisikia mshindi, lakini kwa muda mfupi tu. Kisha kitu kikamkwaruza moyoni. Huyu mtu amekubali upesi mno, na sasa anaizungusha kalamu vidoleni. Mtu anayepoteza pesa hachezi na kalamu hivyo.

"Karatasi hii nakwenda nayo nyumbani," alisema.

"Mkataba hautoki nje ya ofisi, mama."

"Na pesa zangu hazitoki nje ya pochi."

Bwana Meno alimtazama, akatoa nakala, akampa. Bado alikuwa akicheka, ila sasa kwa mdomo tu.

*

Nyumbani walisoma mpaka macho yakauma. Maneno waliyajua, lakini maana ilikuwa ikiwateleza.

"Twende kwa dada," alisema mume. "Alikuwa akipokea magari yanayorudishwa katika kampuni kama hii."

Mama Mifuko na huyo wifi yake walisalimiana vizuri na kuchunguzana vizuri zaidi. Wifi huyo aliwahi kuyasifu mapazia yake, na wiki iliyofuata akatundika kama hayohayo. Mtu wa namna hiyo anaweza kweli kukusaidia bure? Labda bado anapewa kamisheni na hao wenye magari. Lakini hakuwa na wa kumwendea mwingine, kwa hiyo akavaa viatu.

Wifi sasa alikuwa na saluni. Walimkuta akifagia nywele. Aliusoma mkataba akiwa amesimama, ufagio kwapani, kisha akaketi chini ya kikaushio cha nywele kama mteja.

"Wifi, amekupunguzia kodi ya mwezi, si ndiyo?"

"Kwa robo."

"Na kianzio je? Pesa unayotoa siku ya kwanza?"

Mama Mifuko alirudisha macho kwenye karatasi. Siku ile walivutana juu ya kodi ya mwezi tu. Kianzio alikiona mara moja, hakukiuliza.

"Amekipandisha," alisema wifi. "Kingekula nusu ya akiba yenu. Ni kama mteja akuombe umpunguzie bei ya shati, umpunguzie, halafu umtoze kila kifungo. Na gari likiibwa mwezi ujao, bima itailipa kampuni thamani ya gari. Kianzio chako huenda usikione tena. Kianzio kikiwa kidogo, hatari yako nayo ni ndogo."

"Nilijua!" Mama Mifuko alipiga meza. "Nilisema pana kitu!"

"Ngoja, wifi, bado. Kwa siku mnatembea kilomita ngapi?"

Mke na mume walitazamana.

"Tunakwenda hospitali, kisha nyumba za wageni, tunarudi," alisema mume.

"Sikuuliza mnakwenda wapi. Nimeuliza kilomita. Hapa mmeruhusiwa elfu kumi kwa mwaka. Kila kilomita inayozidi mnailipia siku ya kurudisha gari. Kesho mkipanda gari la huyo mnayemlipa awabebee shuka, someni kipimo cha kilomita mkiondoka, mkisome tena mkirudi."

Mama Mifuko alimkazia macho. Alishindwa kujizuia.

"Na wewe unapata ngapi hapo, wifi?"

Mume aliangalia viatu vyake. Wifi akacheka mpaka kikaushio kikamgonga kichwa.

"Kamisheni yangu? Unifulie yale mapazia niliyoiga kwako. Yamechakaa."

Mama Mifuko aliona aibu, na aibu hiyo ilimstahili. Kwa mara ya kwanza alivuta kiti akaketi karibu na wifi yake.

*

Kesho yake walisoma kipimo. Kilomita sitini kwa siku. Kwa siku sita za kazi, kwa mwaka mzima, ilikaribia elfu kumi na tisa. Karibu mara mbili ya walizoruhusiwa.

"Ukizipigia hesabu hizo za ziada kwa miaka mitatu," alisema wifi jioni, "mashine yenu ya pili imeshakwenda."

Mama Mifuko akaufungua mkataba tena. Yote hayo yalikuwepo kwenye karatasi, na yeye siku ile alikuwa chini ya gari akitafuta kutu.

"Sasa nifanyeje?"

"Anza na bei ya gari lenyewe."

"Sinunui, wifi."

"Hununui, lakini unalipia sehemu utakayoichakaza. Leo gari lina bei yake. Baada ya miaka mitatu litakuwa limeshuka. Tofauti hiyo ndiyo wanayoigawa kwa miezi, kisha wanaongeza faida yao. Bei ya leo ikishuka, kodi yako inashuka kweli, si kwa mazingaombwe. Ukishapatana bei, sema kilomita zako za kweli. Kisha kianzio kidogo. Kodi ya mwezi iwe ya mwisho kuzungumzwa. Halafu jumlisha vyote, kianzio, kodi za miezi yote na ada. Jumla hiyo ndiyo bei yako, na ndiyo utakayoilinganisha na ya kampuni nyingine."

Kisha wifi akauliza, "Na dawa ya madoa mnaibeba humohumo garini?"

"Ndiyo. Na shuka mbichi pia."

"Mungu wangu. Mimi nilikuwa napokea magari kwa tochi. Kiti kilichobabuka, sakafu yenye kutu, vyote vinalipwa. Waambie waandike uchakavu upi ni wa kawaida na upi mtatozwa. Na siku ya kuchukua gari, lipige picha kila upande, hata kama linang'aa."

"Twende wote basi," alisema Mama Mifuko.

"Siendi. Pesa ni zako, mdomo ni wako. Na mdomo huo naujua, utatosha."

*

Kwanza walikwenda kampuni nyingine, wakapata bei yake kwa maandishi. Ndipo wakarudi kwa Bwana Meno. Ile bei iliyokuwa na mwisho wa jioni, ajabu, ilikuwa bado hai.

"Mama! Karibu soda. Tuseme kodi ya mwezi iwe ngapi?"

"Hiyo mwisho. Gari hili ningelinunua leo, lingekuwa bei gani?"

Meno yakapungua. "Kwani unanunua?"

"Sinunui. Nauliza."

Bwana Meno akataja bei. Mama Mifuko akaweka mezani karatasi ya kampuni ile nyingine. Bwana Meno akaisoma, akaenda kunong'ona mlangoni, akarudi na bei ya chini. Safari hii jasho lake lilikuwa la kweli.

Wakapatana kilomita elfu ishirini kwa mwaka. Wakapatana kianzio cha kodi ya mwezi mmoja tu. Mama Mifuko akashusha kidole kwenye mstari mmoja.

"Na hii ada ya maandalizi, mnaandaa nini? Gari si lile pale limesimama?"

Bwana Meno akachukua kalamu, akaifuta ada.

Hawakushinda kila kitu. Ukirudisha gari kabla ya muda, faini yake ilibaki kubwa, na kampuni ilikataa katakata kuigusa. Mume na mke wakatoka nje wakazungumza. Wakakubaliana kwamba kazi ya hospitali, shuka zisipochelewa, ina mkataba wa miaka mitatu, kwa hiyo hawatalazimika kulirudisha mapema.

"Lakini kodi ya mwezi imekuwa kubwa kuliko ile ya kwanza!" mume alinong'ona.

"Jumlisha vyote," alisema Mama Mifuko.

Mume akajumlisha kwenye simu. Akajumlisha tena, hakuamini. Jumla ilikuwa ndogo kuliko ya mkataba wa kwanza na zile kilomita zake za ziada, na akiba yao ilikuwa karibu nzima.

Mama Mifuko aliusoma mkataba mpya tangu mwanzo mpaka mwisho, polepole. Kila alichoahidiwa kwa mdomo alikitafuta kwenye maandishi. Uchakavu wa kawaida ulikuwa umeelezwa. Aliyetakiwa kulipia matengenezo alikuwa ametajwa. Ndipo akaweka sahihi.

*

Shuka hazikuchelewa tena. Ndani ya gari walitandika turubai nene, na dawa ya madoa ilisafiri ndani ya ndoo yenye kifuniko. Kila mwisho wa mwezi mume alisoma kipimo aone kama wako ndani ya kilomita zao. Kabla ya mwaka kwisha, mashine ya pili iliingia kwenye chumba cha kufulia. Haikutetemeka. Nguo za kwanza kuoshwa humo zilikuwa mapazia ya wifi, na Mama Mifuko aliyatundika kwa mkono wake mwenyewe.

Miaka mitatu ilipotimia walilirudisha gari. Kijana wa mapokezi alilizunguka kwa tochi. Alifungua na kufunga kila mlango. Alinusa viti. Alipiga magoti akachungulia uvunguni. Mama Mifuko alimfuata nyuma na zile picha zake za siku ya kwanza, asimwache hatua.

"Gari ni safi, mama," kijana alisema. "Hudaiwi kitu."

Mumewe akapumua. Mama Mifuko hakupumua. Huyu naye amekubali upesi mno.

"Niandikie," alisema.

Kijana akaandika, akapiga mhuri. Mama Mifuko akaisoma karatasi mara mbili, akaikunja, akaitia kwenye pochi. Bwana Meno akaja mbio kutoka ndani, anacheka, ana mkataba mpya mkononi na soda mbili.

Mama Mifuko aliuchukua mkataba kwanza, akautia kwapani aende nao nyumbani. Kisha akaipokea soda, akaigeuza aone kama kifuniko chake hakijaguswa, akainywa yote.