Mikanda ya Vazi la Chuma

Rafiki yangu Amondi alikuwa fundi cherehani pale Mkuyuni. Mwaka 1996 mgeni mmoja kutoka nje alimwita kwenye ghala karibu na ziwa, akashone mikanda ya vazi la chuma lenye miguu na mikono.

“Askari akilivaa atabeba mzigo wa watu wanne,” alimweleza. “Siku za mbele litapigana lenyewe, mwendeshaji akiwa mbali.”

Akatoka kwenda kuleta betri za vazi hilo, akafunga mlango kwa nje. Amondi akiwa anapima kiuno cha vazi, umeme ukakatika. Gizani akasikia chuma kikikwaruza, kisha vidole vya vazi vikamkamata mkono.

“Niachie, tafadhali,” alisema.

Vidole havikukaza wala havikuachia mpaka mlango ulipofunguliwa. Amondi anasema muda wote ule vilikuwa vikitetemeka, kama vya mtu anayeogopa.