Chumba Asichokiona Mwenye Nyumba

Saa nne asubuhi. Stoo ya duka la magodoro.

Magodoro yamejaa hadi darini na hakuna aliyekaa kwa raha.

Mjomba, mkuu wa genge, alikuwa anamenya chungwa. Kesi yake inaanza Jumatatu. Yupo shahidi aliyefichwa jina, na shahidi huyo anajua kila kitu, hadi soksi alizovaa Mjomba siku ya tukio. Mjomba alitaka jina. Akilipata leo, Jumatatu shahidi hatakuwepo. Alilisema hilo huku akitema kokwa.

Mpwa wake, fundi wa kompyuta, alieleza mpango upya, maana Mjomba husikia anachotaka tu. Faili za mahakama zimo kwenye jengo la seva anakofanya kazi. Kompyuta moja kubwa, na ndani yake kompyuta nyingi zisizo na mwili, kama wapangaji kwenye nyumba moja. Juu yao kuna programu inayowagawia nguvu na nafasi. Wanaiita msimamizi. Mpwa ameshampandikizia msimamizi kirusi.

"Kwa hiyo mwenye nyumba ni wetu," Mjomba akasema.

"Ni wetu."

"Na mwenye nyumba ana funguo za vyumba vyote."

Mpwa akajikuna shingo. Akasema kwa kawaida, ndiyo.

Shemeji alisikiliza akiwa mlangoni. Ndiye dereva, mjane wa mdogo wake Mjomba. Kazi iliyopita mumewe aliachwa mlangoni na risasi pajani, kwa kuwa Mjomba alikuwa na haraka. Mazishini Mjomba alilia kuliko wote, kisha akauliza nani ana funguo za gari.

Saa saba mchana. Chumba cha seva.

Baridi ya kutunzia maiti. Walinzi wako chakulani. Mjomba kavaa ovaroli ya fundi viyoyozi, imembana tumbo. Bastola kaiacha garini, maana getini kuna mashine ya ukaguzi.

Mpwa akafungua kompyuta ya mahakama. Kioo kikajaa herufi zisizosomeka, kama nyayo za kuku aliyekanyaga wino.

"Hiki nini?"

"Wamefunga kumbukumbu yake yote. Ufunguo umo ndani ya chipu, hata msimamizi haupati. Anambebea mpangaji sahani iliyofunikwa. Anaujua uzito tu."

"Mwenye nyumba gani huyo?"

Mpwa akajaribu kuingilia diski. Herufi zilezile. Akajaribu kunakili. Akanakili takataka. Mjomba alihema kama pampu mbovu. Alikuwa amesimama juu ya jina lenyewe, na halisomeki.

Mpwa akamsihi waondoke. Hakuna aliyewaona, kirusi bado hakijajulikana. Lakini Mjomba ana dawa moja kwa kila kinachomkaidi, iwe redio, feni au simu.

"Zima, washa."

"Mjomba, hapo usiguse..."

Kidole kilikwishafika kwenye swichi.

Mashine ikaamka. Sasa kila inapowashwa, kompyuta ya mahakama, kabla ya kupewa ufunguo wa diski yake, hudai kwanza uthibitisho kwamba nyumba ni ileile. Msimamizi akapimwa. Kirusi kikaonekana kama chawa kwenye kanzu nyeupe. Ufunguo ukazuiwa. King'ora kikalia.

Mpwa akakaa sakafuni.

"Nenda mwenyewe, Mjomba. Mimi nimechoka kukueleza."

Mjomba akampiga teke la kuaga, akakimbia.

Saa saba na robo. Mlango wa nyuma.

Gari lilikuwa linanguruma. Mjomba akajitupa kiti cha nyuma.

"Twende."

Wakaenda. Polepole, kama wamepakia mayai. Mjomba akamtukana mpwa, akaitukana chipu, akamtukana mwenye nyumba asiye na faida. Hatari yote ile, na jina hana.

Kisha akaona wanakata kona kuelekea kituo cha polisi. Akavuta kitasa. Akavuta tena. Loki ya watoto. Akainama mbele aitafute bastola. Ilikuwa pajani mwa Shemeji, imetulia kama paka, mdomo umemwelekea Mjomba.

Shemeji akamtazama kwenye kioo.

"Kuhangaika kote huko kwa jina moja," akasema. "Si ungeniuliza tu, shemeji."

Akaegesha mbele ya kituo, akazima gari. Safari hii hakuna aliyesema liwashwe.