Maji ya Moto Mferejini

Harufu ilianza siku ileile Maimunah alipousafisha mfereji: harufu ya nywele zilizoungua, ilhali jikoni hapakuwa na kuku aliyebabuliwa.

Asubuhi hiyo Opoka, bwana afya, alikuwa ameikagua hoteli ndogo ya Maimunah pale Kamwokya. Alisema mfereji una mende, na usipomwagiwa maji yanayochemka kabla hajarudi Ijumaa, ataifunga. Hoteli ile ndicho kitu pekee alichobakiwa nacho Maimunah, tangu vita vya mwaka 1986 vimchukue mwanawe, Nasif, bila hata kaburi. Akachemsha, akamwaga. Kwa haraka akasahau maneno aliyofundishwa na mama yake, ambayo mwanamke wa Kinubi huyatamka kabla ya kumwaga maji ya moto, ili majini wa chini wapishe: "Bismillahi. Pisheni, wenyewe."

Adhuhuri kilio kikatoka mferejini, cha mwanamke, chembamba, kama cha mtu aliyejiziba mdomo kwa kanga. Wateja waliacha matoke mezani.

Akaitwa Mzee Zubairi, mganga wa Bombo. Alifukiza ubani, akatega sikio, kisha akamgeukia Maimunah.

"Umemuunguzia mtoto, mwanangu. Amekufa."

"Anataka nini, baba? Mbuzi?"

"Hataki damu. Anataka mwenzake wa kulia naye. Lia, lakini mtoto wako usimtaje jina."

Maimunah akapiga magoti. Hakuwa amemlilia Nasif, maana hakuletewa maiti. Na machozi yalipofunguka yalikuja ya miaka yote, naye akalia na yule wa chini akalia, kilio kikapokea kilio, ubani ukazimika na ile harufu ikapanda hadi kooni, mpaka jina likamponyoka, "Nasif, Nasif wangu," na hapo yule wa chini akanyamaza, kama mtu aliyepewa alichokuwa akikitafuta.

Mzee Zubairi alifunga mkoba wake, akaondoka.

Ijumaa Opoka aliikuta hoteli inang'aa. Akatania kwamba leo hata yeye angekula pale. Alitaka jambo moja tu: maji ya moto yamwagwe mbele ya macho yake.

Maimunah aliinua sufuria. Safari hii hakusahau. "Bismillahi," alisema. "Pisheni, wenyewe."

Sauti ya kijana ikamjibu kutoka chini, taratibu, kama ya mtu aliyeamshwa usingizini.

"Mama, nipishe niende wapi?"

Opoka hakusikia kitu. Alikuwa akingoja maji. Maimunah aliitua sufuria, akafungua fundo la kanga, akampa ufunguo wa mlango.

"Funga, bwana afya," alisema.