Herufi za Daraja la Kesho

Kila siku baada ya masomo, Ketsia alivua sare, akala, kisha akaenda kwenye karakana ya shangazi yake Dorothée, karibu na soko la mji wa Baraka. Dorothée alikuwa mwandishi wa vibao vya maduka na makanisa. Ketsia aliosha brashi na kupiga mistari kwa penseli.

Wiki hiyo ilikuja kazi kubwa. Papa Albert alikuwa akifungua kituo cha kufundishia kompyuta. Alitaka jina la kituo, DARAJA LA KESHO, liandikwe ukutani kwa herufi ambazo mji haujawahi kuziona. Dorothée akamwachia Ketsia kazi ya kuzibuni, naye akashika rula na bikari, akachora herufi zake mwenyewe. D ilikuwa duara kamili. A ilikuwa mistari miwili iliyokutana juu, bila kijiti cha katikati. E ilikuwa mistari mitatu iliyolala, bila mgongo.

"Zimetoka mwaka elfu tatu!" alishangilia rafiki yake Nadège.

Albert alizipenda, ila alitoa sharti. "Mtu asiyejua jina hili alisome kutoka ng'ambo ya barabara. Akishindwa, kazi nitampa mchoraji wa Uvira."

Karatasi kubwa yenye herufi hizo ikabandikwa ukutani mwa kituo. Ng'ambo ya barabara alipita mama mmoja mwenye beseni la samaki wakavu. Wote wakavuka kumfuata.

"Mama, tusomee pale," Dorothée alimwomba.

Mama alikaza macho. Mwishowe mama akatamka, "Daraja la Kesho."

"Safi kabisa!" Albert akapiga makofi. "Anzeni kupaka."

Lakini Ketsia alikuwa amemwona Nadège akimnong'oneza yule mama. Yeye akinyamaza, kazi ya ukuta ni yake. Aliitazama karatasi, kisha akasema, "Papa Albert, hakusoma. Ameambiwa."

Nadège akainamisha kichwa. Mama akaangua kicheko. "Ni kweli, batoto. Mi naona mapaa ya nyumba tu. Nilifikiri munauzisha mabati!"

Wote walicheka isipokuwa Ketsia. "Mama, ni wapi panakupoteza?" aliuliza.

Mama akamwonyesha kwa kidole, herufi moja baada ya nyingine.

"Papa, nipe siku moja," Ketsia akaomba.

"Moja tu," Albert akajibu.

Alasiri yote Ketsia alichora na kufuta. Duara la D alilikata ubavu wa kushoto kwa mstari wima. A aliipa kijiti kifupi. E aliirudishia mgongo mwembamba. Kila mara alivuka barabara kutazama kutoka mbali.

"Unisamehe," Nadège alisema.

"Shika rula vizuri," Ketsia akamjibu, na wote wawili wakatabasamu.

Siku iliyofuata Albert alimsimamisha mwendesha pikipiki aliyetoka mbali, huko Lulimba, vumbi mpaka kwenye kope. "Nadège, wewe kaa hapa karibu yangu," alisema.

Mtu yule alisoma papo hapo, bila hata kuteremka. "Daraja la Kesho. Banafundishaka nini pale? Niko na mutoto nyumbani."

Albert akampa Ketsia brashi.

Dorothée alimsogeza mpwa wake ukutani. "Mwanangu, kubuni ni kuzuri, lakini herufi ni za msomaji, si za mwandishi. Jana ungenyamaza, ungepata ukuta, na mji mzima ungepita hapa bila kuuelewa. Umesema kweli, ukakubali kurudia kazi. Sasa kazi yako inajisemea yenyewe."