Kopou Haizikwi

Kila asubuhi Nijora alifagia ua, akakamua ng'ombe, kisha akachemsha chai. Siku hizo alikuwa peke yake. Mumewe alifanya kazi mji wa mbali. Mama mkwe wake, Hemoprova, alikuwa mji wa Jorhat kwa kaka yake, kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho. Angekaa huko mwezi mzima.

Siku ya kuondoka, mama mkwe alimwita kando.

"Nyumba nakuachia, ng'ombe nakuachia. Lakini ile kopou ya Pollobi, mwanangu, iangalie kuliko unavyoniangalia mimi."

Kopou ni okidi, mmea wa maua unaoota juu ya miti. Katika Assam, jimbo la India, sikukuu ya Bihu haijawa Bihu mpaka kopou ichanue na wanawake waivae nyweleni. Hii ilifungwa kwenye mfenesi na Pollobi, binti pekee wa Hemoprova, mwaka ule alipofariki kwa homa. Hakuacha kingine kilicho hai.

Nijora alizaliwa kwa wakulima wa mpunga. Kwao, mche ulio na mizizi wazi huchomekwa matopeni upesi. Akaitazama kopou, mizizi yake minene ikining'inia hewani, akaionea huruma.

"Maskini, hata udongo hawakukupa," akasema.

Akaifungua mtini, akaipanda kwenye chungu chenye tope na samadi. Kila jioni aliimwagilia maji.

Majani yakaanza kuwa manjano. Nijora akaongeza maji. Jani likaanguka. Akaongeza samadi. Chungu kikaanza kunuka, na hofu ikamwingia mpaka mifupani. Simu ilipolia, alijua ni nani.

"Kopou yangu haijambo?"

"Haijambo, mama."

"Keshokutwa narudi. Nataka kuiona kwa jicho jipya."

Nijora aliweka simu chini. Akabeba chungu mpaka kwa jirani yake, Bonti, mama aliyejaza okidi barazani na kuziuza sokoni.

"Nani kaizika hii?" Bonti akauliza.

"Mimi, dada. Niliihurumia."

"Huruma yako ingeua tembo." Bonti akaichomoa taratibu na kuosha tope. Mizizi mingi ilikuwa myeusi, laini kama ndizi iliyooza. "Sikiliza. Kopou si mpunga. Mizizi yake hunywa maji na kupumua. Ukiifukia, inakosa hewa, inaoza."

"Sasa pale mtini inakula nini? Hainyonyi mti?"

"Hainyonyi. Imepanga tu, na kodi hailipi. Mvua na ukungu vinaitosha."

Bonti akapitisha wembe motoni, akakata mizizi yote iliyooza. Mizizi mitatu tu ilibaki mizima. Akapaka unga wa bizari ya manjano penye majeraha.

"Iache kivulini ikauke mpaka kesho. Kisha ifunge tena mtini kwa makumbi ya nazi. Ipate jua la asubuhi, si la mchana. Maji ipe asubuhi, juu ya mizizi. Ukiona mizizi imekuwa kijani, imeshiba. Ikigeuka myeupe, ina kiu. Na maji yasituame katikati ya majani."

Hapo Bonti akagusa mkia mchanga wa maua uliochomoza kati ya majani.

"Na huu ukate."

Mkia ule ndio uliokuwa tumaini la Nijora.

"Dada, mama anarudi kuuona huo huo."

"Mmea mgonjwa haulei maua na mizizi kwa pamoja. Ukiuacha, utapata maua Bihu hii, baadaye utapata kuni."

"Mama ataniua."

"Hilo sina dawa yake."

Nijora aliifunga kopou mtini kama alivyofundishwa. Lakini mkia hakuthubutu kuukata.

Hemoprova alirudi amevaa miwani myeusi. Hata chai hakuitaka, akaenda moja kwa moja kwenye mfenesi. Nijora alimfuata. Kabla hajaulizwa, akasema yote: tope, samadi, maji, uongo wa kwenye simu, na alivyoambiwa na Bonti.

Mama mkwe alivua miwani. Akaigusa ile mizizi mitatu.

"Pollobi naye tulimhurumia," Hemoprova akasema. "Homa imempanda, sisi tunamfunika mablanketi na kufunga madirisha. Hatukumwita mtu wala hatukuuliza. Wewe angalau ulikwenda kuuliza."

"Nilichelewa, mama."

"Ulichelewa, na ulinidanganya. Usirudie. Lete mkasi."

Akaukata mkia mwenyewe. Nijora akalia kwa niaba ya wote wawili.

Bihu ile haikuwa na kopou nyumbani mwao. Asubuhi kwa asubuhi wakwe hao wawili walikagua mizizi, wakibishana kama ni myeupe au ya kijani. Mvua zilipokolea, mizizi mipya ikatoka, ncha zake mbichi, ikaushika mti. Wakati wa baridi wakapunguza maji.

Bihu iliyofuata kopou ilishusha mikia miwili ya maua ya waridi. Hemoprova akakata mmoja, akamgeukia mkaza mwanawe.

"Inama. Au wataka nipande ngazi?"

Nijora akainama. Mama mkwe akauchomeka mkia ule katika fundo la nywele zake, akautengeneza vizuri, kama mama anavyompamba binti yake.